Bustani ya Wiki Iliyopita

Jumapili ya Bustani Wazi, Hester Pargeter aliamka mapema, akakata keki ya limau vipande vyembamba kuliko vya mwaka jana, akafunga vibendera vya rangi kwenye uzio, kisha akatundika kwenye lango la mbele kibao cha njano alichopewa na kamati. Mumewe, Edgar, alikuwa amefariki Jumatano. Maiti ilikuwa mjini kwenye chumba cha baridi ikingoja zamu yake, kwa maana Nether Cobley, kama kwingineko Uingereza, hata wafu hupanga foleni, na nafasi ya karibu iliyopatikana ya kumzika ilikuwa Ijumaa ya wiki ya pili.

Hakutaka kufungua bustani. Lakini Alhamisi Philippa Garside, mwenyekiti wa kamati na jirani yake wa kulia, alikuja na bakuli la supu ya nyanya, akamshika mkono, akanyamaza kwa muda unaostahili, kisha akasema, "Hester mpenzi, Edgar mwenyewe angetaka." Desmond Attwell, jirani wa kushoto, daktari wa meno mstaafu, naye akasema Edgar angetaka. Kasisi akasema hana shaka hata kidogo. Ndivyo ilivyo pale kijijini: mtu akishakufa, kila mmoja anajua alichokitaka; akiwa hai, hakuna anayemuuliza.

"Alikwenda ghafla tu," walimwambia wote. "Hakuna aliyejua."

Hilo ndilo lililomkaa Hester rohoni kama mfupa kooni. Hakuwepo. Dada yake wa Leominster alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na Hester alikwenda kumuuguza tangu Jumapili asubuhi hadi Jumatano. Aliporudi jioni, begi mkononi, alimkuta Edgar amelala kifudifudi katikati ya delfinia zake, yale maua marefu ya buluu yaliyomfanya ajulikane mpaka vijiji vya jirani. Siku zile za mwisho za mumewe zilipita bila yeye, na hakuna aliyeweza kumsimulia, maana hakuna aliyejua.

Basi akakata keki.

Sasa, wenye bustani wa Nether Cobley wana desturi yao moja. Siku hiyo ya kiangazi ambapo kila nyumba hufungua bustani yake ili wapenda maua wenzao waingie, watembee, wanywe chai na kuoneana kijicho kistaarabu, hakuna mwenyeji anayempokea mgeni bila kumwambia, "Ah, mngeiona wiki iliyopita!" Waridi ziwe zimechanua mpaka zinavunja matawi, mwenyewe atatikisa kichwa kama aliyefiwa na kusema wiki iliyopita ndiyo ilikuwa bustani. Ni kuomba radhi na kujisifu kwa pumzi moja. Watoto hujifunza maneno hayo kabla ya kujifunza Baba Yetu.

Hester naye aliyasema, ila yeye hakuwa akijisifu. Mvua haikuwa imenyesha tangu Mei. Halmashauri ilikuwa imepiga marufuku mipira ya kumwagilia, na tangu Jumatano hakuna aliyetia hata tone kwenye bustani ile. Delfinia zilikuwa zimeinamisha vichwa, waridi zimekunjamana, na nyasi zilikuwa na rangi ya biskuti.

Mgeni wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye kofia ya ukindu, aliyekuja na mumewe na mkasi wa kupogolea mfukoni, kwani wapo wanaoiba vipandikizi.

"Karibuni," alisema Hester. "Mngeiona wiki iliyopita."

"Oo, asante sana," alisema yule mama. "Tutafurahi."

Akasukuma lango dogo la kijani la pembeni, lile Edgar alilolitengeneza kwa mbao za kitanda cha zamani, akaingia kwenye wiki iliyopita. Mumewe akamfuata, akafunga lango nyuma yao kwa adabu.

Hester aliwasikia wakisema "Mungu wangu, hizo delfinia!" Akaweka kisu chini na kwenda kuangalia. Kupitia mlango wa jikoni bustani ilikuwa ile ile kavu. Kupitia lango la kijani ilikuwa Jumapili iliyotangulia: kila kitu kimesimama wima, nyuki wanalewa kwenye lavenda, udongo mweusi kwa maji. Na kwenye njia ya matofali, akiwa amevaa ile fulana yenye kitobo ambayo Hester alikuwa ameshaiosha, kuikunja na kuilaza kabatini, Edgar alikuwa akija na keni mbili za kumwagilia, moja kila mkono.

"We mwanamke," alisema Edgar, "si umekwenda Leominster?"

"Nimerudi," alisema Hester.

"Umesahau miwani tena?"

"Hapana. Nimekuja tu."

Alimshika uso kwa mikono yote miwili. Edgar alimwacha amshike kwa muda, kisha akasema keni zinavuja.

Kufikia saa ya chai habari zilikuwa zimeenea kijiji kizima. Watu walitoka kwenye bustani nyingine zote, zilizokuwa za wiki hii, wakaja kujipanga mbele ya lango la Hester. Hakuna aliyesukumana. Mzee mmoja aliuliza kama ni lazima kurudi kabla ya kufunga, akajibiwa ni vizuri arudi, akashukuru. Kamati ilikutana jioni hiyo kwa dharura. Suala la wakati halikuzungumzwa. Suala la choo lilizungumzwa kwa kirefu, na la maegesho pia, na mwisho ikaamuliwa kwamba bustani ya marehemu iendelee kuwa wazi hadi Jumatano, kwa kuwa Edgar mwenyewe angetaka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Hester alikuwa tayari kuamini. Alikuwa na Jumapili, Jumatatu, Jumanne na sehemu ya Jumatano, na hakuwa na mpango wa kuzitumia kukata keki. Kazi ilikuwa moja tu: mtu huyu asibebe maji.

Maana aliyaona sasa kwa macho yake yale ambayo hakuna aliyeyajua. Pipa la mvua lilikuwa tupu. Edgar, ambaye daktari alikuwa amemwambia tangu majira ya baridi kwamba moyo wake usipewe kazi nzito kuliko kikombe cha chai, alikuwa akishuka hadi kijito kilicho nyuma ya bustani, anachota, anapanda kile kilima, anamwaga, anashuka tena. Akifika juu alisimama kidogo, akashika nguzo ya waridi kama mtu anayeikagua, midomo yake ikiwa na rangi ya delfinia zake. Kisha akashuka tena.

"Kwa nini hukukataa?" aliuliza Hester. "Mwaka huu ungekataa."

"Nilikataa. Aprili nilimwambia Philippa, mwaka huu siwezi, moyo huu. Akasema pole sana, ila ramani za bustani zitakazofunguliwa zimeshakwenda kwa mchapaji, na sisi tumo. Sasa watu washike ramani, waje wakute majani makavu? Tutaweka wapi nyuso zetu?"

"Hukuniambia."

"Ungenipigia kelele," alisema Edgar.

Hester alimpokonya keni, akashuka mwenyewe kijitoni, akachota, akapanda, akamwagia tuta lote la delfinia. Maji yalitoka kwenye keni vizuri, yakafika ardhini, na ardhi ikabaki kavu kama tofali. Alirudia. Wageni waliokuwa wakipita na vikombe vyao walimpisha na kumpongeza kwa bidii. Ardhi ilibaki kavu. Edgar alikuja nyuma yake na keni yake, akamwaga pale pale, na udongo ukanywa.

"Usijisumbue, bibi yangu," alisema. "Maji yako ni ya wiki ijayo."

Alijaribu kuzificha keni kibandani, nyuma ya mashine ya kukata nyasi. Lakini wiki iliyopita keni hazikuwa zimefichwa kibandani, na kwa hiyo hazikuwa humo. Zilikuwa mikononi mwa Edgar. Alimkalisha kwenye benchi kwa nguvu, na kwa kuwa wiki iliyopita hakuwa amekaa, hata sasa hakuwa amekaa. Ikamdhihirikia Hester, akiwa ameshika tama, kwamba wiki iliyopita haipokei msaada wa wiki hii. Msaada ungetoka kwa watu waliokuwepo.

Na watu walikuwepo. Hilo nalo lilionekana waziwazi kutoka ndani ya lango. Upande wa kushoto, juu ya uzio wa miti, kilikuwepo kichwa cha Desmond Attwell wa wiki iliyopita, na mkasi wake mrefu, akimpogoa yule tausi wa majani, kichaka kilichokatwa kwa umbo la ndege, anayempogoa kila kiangazi bila kummaliza. Kila Edgar alipopita akihema, Desmond aliinua mkasi na kusema, "Kazi nzuri, Edgar!" Upande wa kulia, nyuma ya uzio wa Philippa, ilisikika sauti ndogo, laini, isiyokoma: ssssss. Ulikuwa ni mpira wa maji ukinyunyiza. Nyasi za Philippa zilikuwa za kijani kama kitambaa cha meza ya bilia, na kijijini walisema ana mkono wa heri.

Wageni wote waliisikia sauti ile. Waliisikia kama watu waungwana wanavyosikia tumbo la kasisi likinguruma.

Philippa wa leo naye alikuwepo, amevaa beji ya kamati, akiwaongoza watu wasitoke kwenye njia ya matofali. Alipofika kwenye uzio wake mwenyewe alikutana ana kwa ana na Philippa wa wiki iliyopita, aliyekuwa amechomoza kichwa kuangalia kelele za nini. Walitazamana. Kila mmoja alirekebisha nywele.

"Bustani yako inapendeza sana," alisema Philippa wa leo.

"Ah," alisema Philippa wa wiki iliyopita, "ungeiona wiki iliyopita."

Jumatatu Hester alimwendea Desmond, yule wa kule ndani. Aliweka ndoo kichwa chini, akapanda juu yake ili wafikiane.

"Desmond, jirani yangu. Nisaidie keni chache tu za Edgar. Leo na kesho na keshokutwa. Moyo wake haufai."

"Hester! Nilidhani uko Leominster. Dada hajambo?"

"Hajambo. Edgar atakufa Jumatano."

Desmond aliteremsha mkasi. Alikuwa mtu mwema, aliyewahi kumng'oa Hester jino bila kumuumiza sana. "Hii Jumatano?" aliuliza. "Lo, pole sana. Ningekuja sasa hivi, unanijua mimi, lakini mgongo wangu huu, we acha tu. Jana tu nilikuwa kwenye gofu, nimerudi nimepinda kama kulabu." Alifikiri kidogo, akitafuta kwa dhati jambo la kusaidia. "Unajua, yeye anapenda. Ukimtazama unaona kabisa kwamba anapenda. Kazi nzuri, Edgar!"

Edgar, aliyekuwa akipita, aliinua kidevu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi.

Jumanne ilibaki njia moja, na Hester alikuwa ameiwaza usiku kucha akigeuka kitandani. Mpira wa Philippa ulikuwa mrefu. Ungepita juu ya uzio na kufika hadi delfinia, na bado ukabaki. Saa moja tu ya mpira ule ingeitosha bustani mpaka Alhamisi, na mpira ule ulikuwa wa wiki iliyopita, maji yake ya wiki iliyopita, mwenyewe wa wiki iliyopita. Ungefanya kazi. Alipanda tena juu ya ndoo, upande wa kulia.

"Philippa."

"Hester mpenzi! Si uko kwa dada'ako?"

"Nina ombi. Nirushie mpira wako leo jioni. Saa moja tu."

"Mpira?" alisema Philippa wa wiki iliyopita. "Mpira upi?"

Ssssss, ulisema mpira. Matone yalikuwa yakivuka uzio na kutua kwenye mkono wa Hester, manne, matano, baridi na safi. Philippa aliyatazama yakitua.

"Huo," alisema Hester.

"Hester, kuna marufuku. Mimi ni mwenyekiti wa kamati. Nikionekana na mpira watu watasema nini?"

"Sitamwambia mtu. Philippa, Edgar atakufa kesho. Akibeba hizi keni za leo na za kesho, atakufa kesho jioni, kati ya delfinia. Nimeshamuona."

Philippa aliweka mkono kifuani. Uso wake ulijaa huruma, na huruma ile ilikuwa ya kweli kabisa. Hilo lazima lisemwe, maana watu hupenda kudhani kwamba wanaomwacha mtu afe wana sura mbaya. "Masikini Edgar," alisema. "Anajua?"

"Nilimwambia. Aliuliza kama ni kabla ya chai au baada."

"Huyo ndiye Edgar." Philippa alifuta jicho. "Basi mwambie apumzike, mpenzi. Jumapili ikishapita tu, apumzike kabisa. Mimi mwenyewe nitamletea supu ya nyanya."

"Jumapili atakuwa kwenye chumba cha baridi."

"Ningekuwa na namna ningefanya," alisema Philippa. "Lakini ramani zimeshachapwa." Akamgusa Hester shavuni kwa vidole vilivyokuwa vimelowa, akateremka kutoka kwenye kitu alichokuwa amekanyaga. Nyuma ya uzio mpira ulihamishwa kutoka sehemu moja ya nyasi kwenda nyingine.

Hester alibaki juu ya ndoo. Alitukana neno moja ambalo hajawahi kulisema mbele za watu, na bwana mmoja aliyekuwa akipiga picha za nyuki alikohoa na kusogea mbele. Mbele ya lango foleni ilikuwa imefika hadi kanisani. Penye wengi hapaharibiki neno, husemwa; na kweli hakuna neno lililoharibika pale, hata petali moja haikukanyagwa.

Jumatano hakujaribu kitu. Alivaa gauni ambalo Edgar alilipenda, lile la vidoti, akapita langoni tangu asubuhi na kutembea naye. Akishuka kijitoni anashuka naye, akipanda anapanda naye. Walizungumza habari za dada yake, na za bomba la jikoni linalovuja, na kama ile waridi ya ukutani ihamishwe mwakani. Edgar alisema ihamishwe, inakosa jua. Hester alisema sawa. Alikuwa na hasira na watu wote waliokuwa hai, wa wiki zote mbili, lakini kando ya Edgar alijisikia amekaa mahali pake, na hilo nalo alilisema. "Nimefurahi kuwepo safari hii," alisema, na Edgar akasema hata yeye, maana ule ukimya wa nyumba ulikuwa ukimchosha kuliko hizo keni.

Baada ya chai alianguka. Hakutoa sauti; keni ndizo zilizotoa sauti. Maji yakimwagika hayazoleki, na yale yalikwenda yote kwenye mizizi ya delfinia, mahali pake hasa. Hester alikaa chini kwenye tope, akakiweka kichwa cha Edgar mapajani. Bwana mmoja alivua kofia. Wengine walishusha sauti, na mama mmoja alimnong'oneza mwenzake akimuuliza kama ile buluu ya nyuma ni ile inayoota kwa mbegu au kwa kugawa shina. Philippa wa leo, kwa sauti ya chini na yenye heshima zote, aliwaomba watu wabaki kwenye njia.

"Wageni wamepata chai?" aliuliza Edgar.

"Wamepata."

"Na keki?"

"Ipo ya limau. Nimekata vyembamba."

"Umefanya vizuri," alisema Edgar, na hayo ndiyo yakawa ya mwisho.

Baada ya muda kichwa cha Desmond wa wiki iliyopita kilichomoza juu ya uzio. Alimtazama Edgar aliyelala kifudifudi kati ya maua, kwa maana wiki iliyopita hapakuwa na paja lolote chini ya kichwa chake. Alimtazama vizuri. Akatazama keni zilizopinduka. Kisha akainua mkasi wake.

"Kazi nzuri, Edgar!" alisema, akangoja kidogo, akarudi kwa tausi.

Watu wote walikuwa wamesimama pale, vikombe mikononi, na Desmond wa leo alikuwa miongoni mwao, amevaa suti ya kitani. Alichunguza kikombe chake kwa ndani. Upande wa kulia mpira uliendelea kusema neno lake moja.

Hester aliinuka na gauni lake la vidoti limejaa tope. Alimwendea Philippa wa leo.

"Mliniambia hakuna aliyejua," alisema, na hakupunguza sauti. "Desmond huyu alimuona ameanguka. Wewe ulikuwa na mpira. Nilikuja kwako jana, nikasimama juu ya ndoo nikakuomba, na maji yako yakanirukia mkononi."

Hata watu wa foleni ya nje waligeuza vichwa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, kitu kilitokea ambacho kijiji kilikiona si cha kawaida: mtu alikuwa amesema jambo lililo wazi, tena mbele ya wageni.

Philippa alimwekea mkono begani. "Hester mpenzi," alisema kwa upole, "hayo ni ya wiki iliyopita."

Watu wakaafiki kwa vichwa. Lilikuwa jibu la busara, na lililowapumzisha wote. Wiki iliyopita ni wiki iliyopita. Mama mwenye kofia ya ukindu, ambaye alikuwa amekuja kila siku, alisema kwamba kufukua mambo hakusaidii, huku akifukua kwa kidole kipandikizi kimoja cha lavenda.

Alhamisi lango la kijani lilifunguka kwenye Alhamisi iliyotangulia, bustani isiyo na mtu, maua yakianza kulegea. Waliochungulia hawakuona sababu ya kuingia. Ijumaa lilifunguka kwenye wiki hii kama malango mengine, na Hester akalipaka mafuta bawabani kwa sababu lilikuwa likilia. Jumamosi kamati ilimletea cheti cha bustani bora ya mwaka, kikiwa na fremu, pamoja na supu ya nyanya.

Jumapili ilipofika mvua haikuwa imenyesha bado. Mazishi yalikuwa Ijumaa inayofuata. Hester hakutaka maua ya dukani juu ya jeneza la Edgar, alitaka yake. Delfinia zilikuwa zimekwisha, lakini waridi ya ukutani, ile inayokosa jua, ilikuwa na vitumba ambavyo vikipata maji vingeweza kufunguka hadi Ijumaa. Basi baada ya chai alichukua keni mbili, akashuka kijitoni, akachota, akapanda kilima, akamwaga, akashuka tena. Safari hii ardhi ilikunywa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa na magoti yake yalimwambia hivyo kila hatua. Juu ya kilima alisimama kidogo, akashika nguzo ya waridi ili apate pumzi.

Kulia, nyuma ya uzio, ssssss.

Kushoto kichwa cha Desmond Attwell kilichomoza, na mkasi.

"Kazi nzuri, Hester!"

Hester aliziweka keni chini. Alimtazama kwa muda mrefu, yeye na tausi wake ambaye alikuwa bado hana mkia. Kisha akasema maneno ambayo mwenye bustani wa Nether Cobley husema.

"Mngeiona wiki iliyopita."

"Tuliiona, mpenzi," alisema Desmond kwa upole. "Tuliiona wote." Akaendelea kupogoa.